Malimau ya Achari

Mama yangu kipenzi, shikamoo. Najua Rehema ndiye anayekusomea, kwa hiyo mdogo wangu, soma polepole na usiruke mstari. Nimeandika kwa sababu kwenye simu, mama, huniachi nimalize. Ukisikia neno hospitali tu unaanza kulia. Mimi mzima, alhamdulillahi, na tumbo linakua. Miguu yako je, bado inavimba? Na hapo Nguvumali mvua zimewaacha salama?

Tangu mimba ya kwanza iharibike unajua nilivyokuwa. Hii ilipoingia niliapa sitakosea kitu. Huku Ujerumani kuna matunda na mboga zilizolimwa bila dawa, zina alama yake na bei yake, nami nikawa nanunua hizo tu, hata vitunguu. Kassimu alivumilia, mwisho akaniuliza, "Mke wangu, tutakula alama mpaka lini?" Nilinuna, lakini alisema kweli.

Ndipo nikakumbuka ulivyoniambia, cha kumenya nisikihangaikie. Nikajipangia. Ndizi, maparachichi, maembe na vitunguu nikawa nachukua vya kawaida. Zabibu, matufaha na mboga za majani, ambavyo huliwa bila kumenywa, natafuta visivyopigwa dawa. Nikivikuta vimenyauka naviacha, nachukua vya kawaida vilivyo vibichi na kuviosha vizuri. Nikajiona nimehitimu.

Sasa sikia. Hamu ya vitu vichachu ilinishika hata nikawa naota achari yako. Nikanunua malimau ya kawaida, mfuko mzima wa wavu kama yanavyouzwa huku. Si yanamenywa? Nikayapasua, nikatia chumvi na pilipili, nikafunga chupa, na kila nikipita nachovya kijiko. Siku moja Kassimu alikwenda kutupa taka, akarudi na ule wavu mkononi.

"Zuhura, achari umetia malimau haya?"

"Ndiyo. Kwani yana nini?"

"Wameandika hapa, ganda lisiliwe. Limepakwa dawa ya kuzuia kuoza."

"Ati ganda lisiliwe? Umeona wapi achari ya limau lililomenywa?"

"Ndiyo maana nakwambia."

Nilikaa chini palepale jikoni. Wenyeji wa huku limau wanalikamua, ganda wanatupa. Sisi ganda ndilo tunaloligombania, wala sikulikumbuka nilipokuwa dukani. Nilijua nampoteza na huyu.

Asubuhi nikaenda kwa mkunga wangu, mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Alinisikiliza, akanipima, akasema mtoto hana neno, na kile kidogo nilichoonja hakiwezi kumdhuru. Kisha akasema yule wa kwanza hakuondoka kwa sababu ya chochote nilichokula. Nikamwomba aseme tena. Akasema tena. Nililia mbele yake bila haya.

Niliporudi nikaimwaga achari yote, wala sikulia. Siku hizi nikishika tunda dukani najiuliza kwanza nitalilaje. Limau la kukamulia samaki nachukua la kawaida. La achari nachukua lisilopakwa kitu, hata nikipata machache. Lakini kununua kwa hofu nimeacha, mama, na sirudi huko. Wala usinitumie achari yako kwa mtu. Najua umeshaanza kuulizia nani anasafiri.

Nisalimie bibi, mwambie dua zake nazihisi. Shangazi Mwanahamisi, muuza mboga wetu wa Usagara, mwambie mchicha wake nimeutafuta huku mpaka nimekata tamaa. Mjomba Athumani anayelinda nyumba kule Raskazone naye mpe shikamoo yangu, na apunguze sigara. Kassimu anakuamkia.

Achari nimetengeneza nyingine, ya malimau safi, iko dirishani inangoja jua, na jua la huku ni la kubahatisha. Ni chupa mbili. Moja ni ya hamu yangu, nimeshaianza. Ya pili nimeifunga kitambaa, haiguswi na mtu mpaka arobaini ya mtoto, na wewe ndiye utakayeifungua, kwa hiyo anza kushughulikia pasi ya kusafiria. Yule wa kwanza sikuthubutu kumwekea kitu chochote. Huyu nimemwekea.

Mwanao,
Zuhura