Matanga ya bwana yangu, ngoma ya wageni

Muheto, siku ya yenga, siku ya misa. Ukungu haikutoka asubuyi yote, na roho yangu iko vile vile.

Andika, Furaha mujukuu yangu, na usinisahihishe. Babu yako alikufa, na leo njo ilikuwa siku ya kutosha matanga, kumaliza kilio chake. Hii nguo nyeusi ninavaa, muke haivulake mwenyewe. Wamama wenzake wanakuya na ngoma, wanacheza, wanamulia mufu mara ya mwisho, kisha wanapeleka mujane ku mutoni, wanamuosha, wanamuvalisha nguo ingine. Nilitengeneza pombe ya kasiksi, tena ya ndizi nzuri, hapana zile za Kibabi, pombe yake iko maji maji tu. Haya, nimepotea njia.

Nilingoya.

Hakuna muntu.

Kumbe motokari za bazungu zilifika. Tangu walijenga ile nyumba ya kulalisha wageni pale juu, wanakuya kuangalia milima. Mulima iko na nini ya kuangalia? Zamani mugeni alikuwa anafikia kwangu ao kwa jirani, anakunywa maziwa, anatuletea habari za Shasha, kule ku ziwa, na samaki yake. Hawa wanapita, vioo vimefungwa.

Nikapanda kule. Nikakuta wenzangu wote, jirani yangu Mama Josefina mbele, wanacheza ngoma ya matanga. Ya matanga! Na mufu hakuna. Wanacheka.

"Mama, usikasirike," Josefina akaniambia. "Wageni njo wanapenda hii ya kulia, na wanalipa. Kwako tutakuya yenga ingine, kama motokari hazikuya."

Lakini ile ngoma ilikuwa inaita bwana yangu. Nikaingia katikati, nikamulia. Nikamulia kweli kweli.

Bazungu wakapiga makofi.

Mutu wao wa kutafsiri akakuya mbio: "Mama, mugeni anaomba ulie tena kidogo. Foto haikushika muzuri."

"Umwambie bwana yangu alikufa mara moja tu."

Josefina akacheka, kisha akaangalia chini. Ngoma yenyewe haikusimama.

Nikarudi peke yangu. Kasiksi iko mu mutungi, hakuna wa kuikunywa.

Kesho pengine nitashuka ku mutoni, nijioshe mwenyewe, nivae nguo ingine. Maji haitakatala. Lakini watu wakikutana na mimi mu njia bila nguo nyeusi, nani atasema: ndiyo, nilikuwako, tulimumalizia matanga yake?