Breki za Malachie

Matthias, keti kwanza. Nimetoka sasa hivi kwa Malachie, mwenzetu wa bweni. Unakumbuka mwaka wa 1998, wanajeshi walipomchukua, nasi tukamwombea kanisani wiki sita?

Haikuwa siasa. Ilikuwa breki!

Leo amekiri. Gari lake lilikuwa limeganda mwaka mzima. Pistoni za breki zilishikwa na kutu, magurudumu hayazunguki, na kila askari aliyelitamani aliliacha. Asubuhi ile Malachie akazitoa kwa kukanyaga pedali, akazisugua, akazipaka grisi, akazirudisha. Saa nne askari wakabisha hodi.

«Papa, hii motoka inatembeaka?»

Albertine, mkewe, akamkanyaga mguu. Malachie, ambaye tangu bwenini hasemi uongo, akajibu: «Inatembea tangu asubuhi. Na inasimama!»

Na inasimama, Matthias! Hakuna aliyemuuliza!

Afisa wao akaliendesha hadi kanisani, akarudi ameduwaa. «Motoka yetu yote haisimamake. Muache motoka, mubebe huyu papa.»

Wiki sita alifungua na kutengeneza breki za magari yao kambini.

Kesho ni mimi ninayemtambulisha kwa wanafunzi kama shujaa wa vita, nami nilifundishwa kusema ukweli katika bweni lile lile.