Shimo la Mtende Qurayyat

Kwa mdogo wangu Zuhura, Unguja.

Mimi kaka yako Suleiman nna miaka sabini na nne. Nimewazika wake wawili, na mganga aliyesema sifiki mwakani nimemzika pia. Hata nyumba ya mama imetangulia, mie nipo. Salamu zangu zikufikie. Goti lako likoje? Nami ni mzima, ila meno yamebaki machache. Naandika mwenyewe kwa harufi zetu za chuoni, leo siku ya tatu, usicheke mistari inavyopanda.

Zuhura, nimepata ardhi. Sikusema nyumba, nimesema ardhi.

Unakumbuka nyumba yetu ya Ng'ambo, hapo Unguja. Kuta zetu, paa letu, kiwanja cha mtu. Muhogo tulipanda, mchicha tulipanda, lakini mama alipotaka mnazi mmoja tu mlangoni, mwenye kiwanja alikataa. Mama alipokufa warithi wa mwenye kiwanja wakatwambia tuchukue chetu tuondoke. Tukachukua mlango, wewe mbele mie nyuma, ukalia njia nzima. Mie sikulia, lakini sikusahau.

Sasa mkwe wangu Nasor, mume wa Salma, kasoma sana, huandika barua za wafanyabiashara wa Kiarabu hapa mjini Matrah. Akaniletea karatasi. "Baba, nimekupatia shamba Qurayyat, lina kisima na chumba. Tia dole."

Nkamuuliza, "Langu?"

"Lako, baba. Utakaa, utalima, utajenga."

Nkasema sitii dole mpaka nilione. Akacheka, "Utaona nini, baba, na hati nimeisoma mie?" Salma naye jikoni akasema, "Haya, mzee kesha kuanza."

Nkanunua mche wa mtende sokoni, nkaupakata mashuani mpaka Qurayyat kama mtoto mchanga. Mabaharia wakauliza bibi harusi nampeleka wapi. Tulipofika, mie na Nasor, sikutazama kisima wala chumba. Nkashika jembe, nkaanza kuchimba shimo katikati ya shamba.

Mwenye shamba, Bwana Hamud, alikaa Unguja miaka mingi, Kiswahili anakijua. Akaja mbio, kakunja kanzu.

"Mzee, unafanya nini hapo?"

"Napanda mtende."

"Aa, mtende usipande. Panda vitunguu. Panda majani ya mbuzi."

"Kwa nini? Si unaniuzia?"

Akakohoa. "Nakuuzia kukaa tu. Miaka ishirini, kisha ardhi inarudi kwetu. Ukitia mtende, kesho wanao watasema pao."

"Na chumba nitakachojenga?"

"Kinabaki na ardhi."

Nkamgeukia Nasor. Uso wake ulikuwa kama kala ndimu. Nkamwambia, "Umesoma, hukuuliza. Hii ni ijara, kupanga kwa jina zuri. Mie nataka mulki, yangu nikiwa hai na ya wanangu nikifa."

"Lakini miaka ishirini, baba, wewe utakuwa..."

"Tisini na nne. Sema tu, usiogope. Ntakuwa nimekaa chini ya mtende wangu."

Nkakaa ukingoni mwa shimo, nkakataa kuondoka. Siku tatu, Zuhura. Usiku nlilala msikitini, alfajiri narudi shimoni. Mke wa Bwana Hamud akiniletea wali na samaki, na kila akileta anamtupia mumewe jicho. Siku ya tatu Bwana Hamud akaja kuchutama karibu yangu.

"Mzee wa Unguja, unanitia aibu kwa watu. Nna kipembe cha ardhi kule kwenye mawe, hakina kisima. Hicho nakuuzia moja kwa moja. Hili la mtende nani kakufunza?"

"Mama yangu," nkamwambia.

Tukenda kwa kadhi. Akaandika mipaka yote minne, nkamtaka asome kwa sauti, mara tatu. Nkauliza, "Mpaka lini?" Akasema, "Hakuna mpaka lini. Ni yako." Hapo ndipo nkatia dole, na nkalikandamiza hasa.

Kipembe ni kidogo, ukinyoosha mguu umetoka. Maji nachota kwa jirani na mgongo wangu unajua. Lakini mtende nimeupanda humo na umetoa kuti jipya, na Nasor siku hizi akiletewa karatasi yoyote huja kuniuliza.

Chumba nimejenga. Mlangoni nimetundika gunia, kwa kuwa nafasi nimeiacha sawasawa na ule mlango wa mama uliouweka uvunguni mwa kitanda. Kipimo chake mkono wangu unakijua. Upakie chomboni, uje nao. Hapa hakuna wa kutwambia tuung'oe.

Msalimie shemeji yangu mumeo, aliyesema huku ntakufa mgeni. Msalimie jirani yako muuza maandazi, na mwalimu wetu wa chuoni kama bado yu hai.

Ukidhani najisifu, muulize Nasor, alikuwapo. Muulize Bwana Hamud, aliyelifukia shimo langu la kwanza kwa mkono wake. Muulize kadhi, aliyesoma mara tatu. Shahidi wa nne ni wewe, ukifika na mlango.

Kaka yako,
Suleiman, mwenye ardhi, Qurayyat.