Boriti ya Chini ya Nyumba ya Momela

Jumatatu, 3 Machi
Nimepima tena. Uzi wa timazi umehama vidole viwili kutoka alama yangu ya wiki iliyopita. Ukuta wa mashariki unalalia nje. Nimefuta alama kwa kiganja kabla Fundi Elisante hajaiona.

Nyumba hii aliijenga mlowezi wa Kiingereza kwa mtindo wa kwao. Fremu ya mbao, viungo vya vigingi bila msumari hata mmoja, udongo katikati ya nguzo, nyasi juu. Sasa ni ya Baba Mdogo, anaifanya ya wageni. Mchoro wa ukarabati ni wangu. Saruji juu ya udongo pia ni wazo langu.

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Madoa ya unyevu ukutani. Sijala.

Mwaka jana Fundi alisema tuuache udongo, unapumua. Nikamjibu hatujengi banda la mbuzi. Mbele ya vibarua wote. Nilikuwa na miezi mitatu tangu nihitimu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebandua saruji kidogo nyuma ya tangi, pasipoonekana. Bisibisi imezama kwenye boriti ya chini hadi mpini. Laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nguzo zote za ukuta zimesimama juu ya boriti hiyo. Saruji imefungia maji ndani.

Wageni wa kwanza wanakuja Jumamosi. Baba, mama, watoto wawili. Chumba chao ni cha mashariki.

Naogopa. Naogopa pia kusema.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesema. Hata chai Baba Mdogo na Fundi hawajanywa.

"Shikamoo, Baba Mdogo. Wageni wasilale humu."

Nikawaonyesha tundu. Fundi akachomeka kidole, akakinusa.

"Kumbe mbuzi wangepona, injinia," akasema. Kisha akaenda kutafuta magogo ya kuegemeza ukuta.

Baba Mdogo amewapigia wageni, amewatafutia pengine. Hakunitazama siku nzima.

Jumamosi, 15 Machi
Saruji ya mashariki imetoka yote. Ukuta tumeurudisha kwa jeki, taratibu. Boriti mpya ni ya mloliondo, mti mgumu. Fundi amechonga viungo kwa patasi, mimi nimechonga vigingi. Viwili amevikataa.

Mchana nimekandika udongo na kinyesi cha ng'ombe, kwa mikono, kama Mama afanyavyo kijijini Kikwe. Baba Mdogo amepita. Ameniwekea kikombe cha chai dirishani, akaendelea na safari yake.

Nimening'iniza timazi. Uzi umetulia. Nimeweka alama, nimeiacha.