Ufunguo wa Sanduku la Mama

Ghaniya shoga yangu, weka chini hiyo kahawa usome. Bimdogo kafariki asubuhi hii. Ndiyo, yule yule, nesi wa hospitali ya Nizwa!

Unaukumbuka mwaka themanini na sita, daktari alipotukusanya kwenye wodi ya wazee, sie watoto na manesi, tuamue mama abaki au arudi nyumbani Birkat al Mauz? Mie nikasema, "Mama anataka kwake." Bimdogo akasema polepole, "Muulizeni mwenyewe."

Muulizeni mwenyewe! Mbele ya kaka zangu wote!

Mama akasema anabaki. Halafu akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo wa sanduku alimoweka sanda yake, akampa Bimdogo. "Siku yangu ikifika, unioshe wewe." Na mie, binti yake wa pekee, nimekaa papo hapo kitandani!

Akamwosha kweli. Mie nilishika ndoo ya maji tu. Wallahi sikumsamehe, hata salamu zake nilikuwa naitikia nusu nusu.

Sasa wanawe wamenipigia simu. Kaacha usia nimwoshe mie. Mie, Ghaniya! Katika watu wote!

Nimeshafika kwake. Binti yake kanipokea mlangoni, kashika ndoo ya maji, ananitazama tu. Macho yale nayajua, shoga. Ndiyo niliyomtazamia mama yake miaka yote hii.