Mume wa Binti wa Sakwa

Arlington, Texas,
Marekani.
14 Novemba 1999

Mpendwa Dada Celestine,

Pokea salamu zangu na za Wanjiku, pamoja na za huyu mwanetu ambaye siku hizi nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, tena cha puani. Sisi tu wazima. Wewe hujambo? Shemeji na kile kifua chake? Mvua imeshika huko Alego, au bado mnaangalia mawingu tu?

Zaidi ya wote, Nyanya anaendeleaje? Barua yako ya Septemba ilininyima raha. Uliposema hashuki kitandani bila kushikwa, na kwamba amelirudia neno lake la kuzikwa kwao Sakwa, niliiweka mezani nikatoka kutembea. Hapa hakuna mtu anayetembea kwa miguu, Dada. Jirani alisimamisha gari akaniuliza kama langu limeharibika.

Sasa nina habari, na nakuomba uisome ukiwa umekaa. Ningepiga simu, lakini simu yenu ni ya pale posta, na jambo hili si la kupigiwa kelele mbele ya watu wanaonunua stempu.

Ni habari ya Babu Absalom. Amepatikana. Yaani si yeye mwenyewe. Yeye alikufa zamani, mwaka 1942, akiwa mateka wa vita, na marehemu Baba yetu bado ananyonya.

Unajua kazi yangu ni kuwaosha na kuwalisha wazee katika makao yao kule Grand Prairie. Mwezi wa nane waliniletea Mwingereza mmoja, Mzee Whitlock, aliyemfuata binti yake huku Texas. Binti mwenyewe anaishi Houston, huja Jumapili mojamoja. Kichwa cha mzee kilikuwa kimechoka. Jina la binti yake lilimpotea, na chai aliyoinywa sasa hivi alisema hajaiona.

Asubuhi moja nikiwa namnyoa ndevu aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Kenya. Akainua mkono juu, povu la sabuni limejaa kidevuni, akasema kwa Kiluo, Kiluo cha Mzungu lakini Kiluo: "An Absalom wuod Obara, chwor nyar Sakwa ma ok luor koth!"

Mimi Absalom mwana wa Obara, mume wa binti wa Sakwa asiyeogopa mvua. Dada, wembe ulinitoka mkononi. Mzee hakujua hata maana yake. Mimi ndiye niliyemfasiria.

Tangu hapo nikawa namuuliza kidogo kidogo, kila alipoamka na akili nzuri. Yeye na Babu walifahamiana Misri, wakati wa vita. Sisi tulikua tukimwazia Babu na bunduki begani na medali kifuani, si ndiyo? Wapi! Alikuwa askari wa Mwingereza wa sururu na sepetu. Alichimba mahandaki, alipakua meli, alibeba maji, na baada ya kila mapigano yeye na wenzake ndio waliotumwa kuzika maiti. Mzee alimkumbuka kwa pengo la meno ya chini, yale wanaume wetu waling'olewa zamani, na kwa kuwachekesha watu hata pale pasipo na cha kuchekesha.

Jeshi lao lilipozidiwa huko Libya walitekwa pamoja, weusi kwa weupe, wakafungiwa ndani ya senyenge. Weusi walitengwa upande wao, na kila siku walipelekwa bandarini kupakua shehena za adui huku mabomu ya Waingereza wenyewe yakiwaangukia. Chakula kilikuwa mkate wa kugawana na maji yenye chumvi. Lakini kila jioni, kabla hajagusa chakula chake, Babu alisimama akatoa jigambo lake lile, vile vile wazee wetu wanavyojisifu kwenye sherehe kabla ya kunywa. Mateka wa upande wa pili wa senyenge walimpigia makofi. Kwa kulisikia kila jioni wakalikariri, wakawa wanalitamka wao kabla hajafungua mdomo. Ndivyo lilivyobaki kichwani mwa Mzee Whitlock hata mengine yote yalipotoka.

Kisha Babu akashikwa na kuhara damu. Mzee Whitlock naye aliugua, wakalazwa hema moja. Dawa hazikuwepo. Jioni ya mwisho Babu hakuweza kusimama, basi wenzake wakamsemea sifa yake kutoka nje ya hema, na yeye akaitikia kwa kuinua mkono. Walimzika mchangani pamoja na wengine, bila jeneza wala jina.

Nilitaka kuuliza kaburi lilikuwa upande gani wa kambi. Nilipofika kazini Jumanne iliyopita, kitanda cha mzee kilikuwa kimeshatandikwa mashuka mapya. Binti yake alinishika mikono akalia, nami nikalia naye, na sijui hasa nilikuwa namlilia nani.

Sasa mfikirie Mzee Aduda. Si ndiye aliyerudi vitani akamwambia Nyanya kwamba Absalom yu hai, kaoa Mzungu, anakula makaroni Italia? Na walikuwa kikosi kimoja! Nilimkasirikia wiki nzima, marehemu au si marehemu. Wanjiku ndiye aliyenituliza. Alisema labda Aduda aliogopa kuingia boma la msichana mwenye mtoto mgongoni akiwa amebeba kifo bila mwili, bila hata kofia ya kuonyesha. Akaona afadhali amletee mume mbaya kuliko mume aliyekufa. Huruma gani hiyo jamani!

Na huruma hiyo ndiyo iliyomla Nyanya maisha yake yote. Alikataa kurithiwa kwa kuwa mumewe yu hai. Wazee walipoleta tunda la yago walizike badala ya mwili, alilitupa nje ya boma, na wewe uliona kwa macho yako. Mwanangu alipozaliwa alikataza asiitwe Absalom, maana kwetu mtoto hapewi jina la mtu ambaye bado hajafa. Na sasa anataka arudishwe Sakwa, mwanamke aliyeolewa, akazikwe kwa wazazi wake, ili tu asilale kwenye boma la mwanamume aliyemtupa. Babu Oloo hatakubali, unamjua mdogo wa Babu. Atamzika hapo hapo kwa nguvu, na Nyanya ataingia ardhini na hasira zake. Hilo ndilo linaloniuma, Dada. Amemchukia bure mtu aliyekufa akimsifu.

Unakumbuka mvua ilipoanza, sisi tukikimbilia ndani, yeye alibaki uani akilowa? Tulimcheka, tukasema ni ukaidi. Sikuwahi kujua tabia hiyo ilianzia wapi, na nadhani wewe pia hujui. Babu alijua.

Basi nakuomba hivi. Usianze na wazee. Babu Oloo akisikia kwanza ataitisha kikao, na Nyanya atafunga mdomo. Ingia peke yako, ukae upande wa sikio lake zima. Usianze kwa kumwambia amekufa. Msemee kwanza sifa yake kama nilivyoiandika, polepole, mpaka pale penye mvua. Akiuliza umeitoa wapi, ndipo umweleze. Akilia mwache alie, hajawahi kumlilia. Mambo ya yago na ya pa kuzikwa ayaseme mwenyewe.

Msalimie Shemeji, watoto, mama wa dukani, na hata Babu Oloo, ila kwake usiseme mengi. Mungu akushike mkono utakapofungua mlango wa Nyanya, na ampe siku za kutosha za kumlilia mumewe.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Patroba,
mjukuu wa binti wa Sakwa asiyeogopa mvua.