Namba Arobaini na Nane

Izia, Sumbawanga
Jumapili

Kwako Kaka Beda,

Shikamoo. Ulezi umekauka vizuri, na mama anasema joto la huko Kasanga litakusahaulisha blanketi.

Kompyuta uliyotuachia imegoma. Jumatatu ilisasisha programu zake, na ilipowaka tena ikaleta skrini ya bluu inayodai namba arobaini na nane za kuifungulia. Ndani mna orodha ya watoto wa kipaimara, ambayo baba anatakiwa kuipeleka parokiani. Niliibeba hadi kwa fundi Vitus, mjini. Akacheka: "Dada, hii siyo mbovu, imefungwa tu. Namba anazo mwenyewe. Nikiilazimisha, vyote vinafutika."

Nilipomweleza baba, aliukoroga uji wake mpaka ukapoa. Kisha akasema, "Mwandikie Beda. Mwambie aje aifungue." Kaka, tangu ulipoacha seminari ukaenda kupakia mizigo bandarini, alikuwa hajalitaja jina lako. Mama aliacha kupepeta, akaingia jikoni. Nilimsikia akiimba.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Namba nilizipata jana, nyuma ya daftari lako la Kilatini. Nilizijaribu, kompyuta ikawaka, majina yote yapo. Nimeyanakili kwenye daftari langu, yasije yakapotea. Halafu nikaizima, nikaifunika kwa kitambaa chake.

Kila asubuhi baba ananiuliza kama nimekuandikia. Kipaimara ni tarehe ishirini. Njoo uifungue.

Mdogo wako akungojaye,
Kristiana